Kifua cha Mume Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikinunua mchele Kahama nazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu wanakuwekea mzuri na chini wanakufungia chenga. Mtu akinisifia upishi mara mbili, najua anataka kula kwa mkopo. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kulala amevaa shati, tena kipindi cha joto, sikusema kitu. Nilianza kumchunguza.

Wakati huo tulikuwa tunaishi machimboni, upande wa Kharumwa. Yeye alikuwa na sehemu yake kwenye duara, lile shimo wanaloshuka kwa kamba kuufuata mwamba wenye dhahabu. Mimi nilikuwa mama lishe. Nilipika wali, ugali, maharage na dagaa, na nyama siku ambazo wachimbaji walikuwa wamevuna. Ndoa yetu ilikuwa imeshazoeleka, hatukuwa wageni tena, lakini mtoto hatukuwa naye. Wanawake wote wa pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama huyu, mama yule. Mimi waliniita Mama Wali. Waliona ni utani mzuri, na mimi nilicheka nao huku nikipakua, lakini jamani, iliniuma. Nilimtaka mtoto kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na kila mwezi tumbo likianza kunivuta kwa chini nilijifungia chumbani kidogo, nikatoka nimenawa uso.

Sasa, kule machimboni kuna jambo ambalo watu hawalitangazi lakini kila mtu analijua. Mtu akichimba muda mrefu akaambulia kifusi tu, anakwenda kwa mganga. Mganga anampa dawa ya kuivuta dhahabu, na dawa ina masharti. Mwingine anaambiwa asishuke shimoni na viatu. Mwingine anaambiwa achinje mbuzi mweusi pale mdomoni mwa duara. Hayo ndiyo madogo. Yapo na makubwa, ambapo mganga anakuuliza utatoa nini. Basi kuna wanaosemwa kwamba walitoa kizazi. Anauza watoto wake kabla hawajazaliwa, anapewa dhahabu. Anajenga, ananunua gari, anavaa vizuri, lakini haitwi baba na mtu. Niliyasikia hayo tangu naingia machimboni, na sikuwa na sababu ya kuyakataa, kwa sababu waliokuwa wananyooshewa kidole kweli walikuwa na mali na kweli hawakuwa na watoto.

Duara lao likatema. Walikuwa wameshakata tamaa, mbao zinaoza humo ndani, wenzao wawili wamekimbilia machimbo mengine, halafu ghafla mwamba ukaonyesha. Mawe yalipelekwa karasha kusagwa, na kijiji kizima kikajua. Mume wangu akaezeka nyumba yetu upya, akanunua pikipiki, akaniletea vitenge viwili vya maana. Nilifurahi, nani hafurahi? Lakini kabla rangi ya yale mabati haijafifia, mwanaume akawa hanigusi tena.

Mwanzoni nilisema kachoka. Kazi ya duara si mchezo. Halafu nikaona ndevu. Yeye alikuwa mtu wa ndevu nyingi, akinyoa leo keshokutwa zimerudi, ananichoma nazo shavuni makusudi ili nipige kelele. Sasa wembe ukawa unakaa dirishani mpaka unashika kutu. Ngozi ya uso ikalainika. Mikono na miguu ikakonda, ila tumbo likawa linatangulia. Nikimuuliza, anasema ni gesi. Gesi gani hiyo inayomfanya mtu alale na shati na kumgeuzia mkewe mgongo?

Halafu akaacha kula chakula changu.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye uvumilivu. Mume wa mama lishe anaondoka nyumbani hajagusa sahani, anakwenda kula kwa mama lishe mwingine, kule ng'ambo ya karasha, mbele ya wateja wangu mwenyewe! Wateja wakaanza kuniangalia, na kijana mmoja mwenye mdomo akaniuliza, "Mama Wali, kwani huu wali una nini, mbona mwenye nyumba anaukimbia?" Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nikajifunga kanga nikaenda kwa yule mwanamke. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata hereni nilivua. Nikamkuta anachambua mchele, mtu mzima kunizidi, mjane, wala hana habari na mume wa mtu. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha benchi.

"Mdogo wangu, hata mimi nilitaka nikuulize," akasema. "Mumeo anakaa pale, mgongo ukutani, anaangalia sufuria. Hataki sahani iliyokwisha kupakuliwa. Anataka nimpakulie mbele yake, kutoka kwenye sufuria wanayokula wote. Ana nini?"

Nikamwambia sijui, lakini moyoni nilijua. Hayo ni masharti. Ameambiwa na mganga asile cha mkewe, asilale na mkewe, na dhahabu itaendelea kutoka. Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nazifua hizo nguo kwa mikono yangu.

Siku nilipoiona hiyo siri yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Mume wangu ni Msabato, na mimi nilimfuata huko baada ya ndoa. Tulikuwa tumetoka kanisani, akaenda kuoga, nami nikaenda kwa jirani kuchukua ungo wangu. Jirani hayupo, nikarudi. Nikasukuma mlango wa chumbani nikamkuta amesimama, kajifunga taulo kiunoni, anajikausha nywele.

Alikuwa na matiti.

Naomba nieleweke. Sisemi kifua cha mtu aliyenenepa. Nimesema alikuwa amekonda, mbavu unaziona. Yalikuwa matiti, yameinuka, yamechongoka, ya msichana anayevunja ungo. Na chini yake tumbo limevimba upande wa kushoto, gumu, na mishipa imejichora juu yake.

"Yesu wangu!" nikasema. Ungo ukanidondoka.

Akavuta shuka akajifunika mpaka shingoni. "Nani kakwambia uingie?"

"Nyumba yangu niingie kwa kibali?" Mdomo wangu haujawahi kuniangusha. "Sema. Umetoa nini kwa yule mganga? Kizazi chetu umekiuza?"

Nilitegemea akane, au anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Badala yake akacheka kicheko kibaya, cha mtu aliyekata tamaa.

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi hilo?" akasema. "Wewe?"

Akavaa shati, akavaa na koti juu ya shati, akatoka. Nilibaki pale nimekaa kitandani. Sikuelewa lile "wewe" lake lilikuwa na maana gani, nikaliona ni ujeuri tu wa mwizi aliyekamatwa.

Kesho yake nikamwendea mshirika wake wa duara. Nikamuuliza waziwazi walikwenda kwa mganga gani na walipewa masharti gani. Akakwepesha macho. "Shemeji, mambo ya duara hayaulizwi na wanawake. Utatukausha mwamba bure." Kule wanawake hawasogei mdomoni mwa duara, wanasema dhahabu inakimbia. Basi nikajua tayari. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu niliyaona mpaka kwenye kifua cha mume wangu. Nikaamua kurudi kwetu Kahama. Sikutaka tena pikipiki wala vitenge. Nilitaka kuondoka bado nina umri wa kuzaa na mtu mwingine asiye na mikataba na mashetani.

Nilikuwa nafunga sufuria zangu kwenye mfuko wa salfeti, asubuhi, jua limeshapanda, nikasikia watu wanakimbia. Mwanamke akaniita kwa nje, "Mama Wali, mumeo! Mumeo anatapika damu!"

Nilimkuta juu ya kifusi, kando ya duara, amejikunyata. Damu ilikuwa nyingi, nyeusi nyeusi, imeloanisha koti. Na wanaume wote, wale wale waliokuwa wanakula wali wangu, wamesimama mbali wamekunja mikono. Hakuna aliyemgusa. Nikamsikia mmoja anasema, "Wamekuja kuchukua cha kwao."

Niliamini kama wao. Sitadanganya kwamba nilikuwa na akili kuliko wao. Niliamini kabisa kwamba walio chini ya ardhi wamemfuata. Lakini huyu mtu alikuwa ananichoma na ndevu zake shavuni nikapiga kelele, na sasa amelala kwenye mawe anatetemeka na ananiangalia. Nikapanda kifusi. Nikamnyanyua kichwa nikamweka mapajani. Nikawageukia wale wanaume, nikawatukana, nikawatukana na mama zao, mpaka mmoja wao akaona aibu akaleta pikipiki. Tulimweka katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, tukaenda zahanati, na zahanati wakatupa gari la kwenda Geita mjini, hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, miwani, kiatu cha raba. Walipomtuliza damu na kumwekea chupa za maji na za damu, akaja kutuhoji. Akamuuliza mume wangu anakunywa pombe kiasi gani.

"Hanywi," nikasema.

"Mchimbaji, hanywi?" Akainua nyusi.

"Ni Msabato."

"Nimewatibu Wasabato wengi sana wanaokunywa," akasema. Daktari naye ni mtu wa kushuku. Nikampenda hapo hapo.

Akamuuliza alikulia wapi. Mume wangu, sauti inatoka kwa shida, akasema alikulia ziwani, hapo hapo Geita, kijiji cha mwambao. Alioga ziwani, alichota maji ziwani, alivuta nyavu tangu ana meno ya utoto mpaka alipokuja machimboni. Daktari akatikisa kichwa kidogo kidogo, akaandika, akaagiza apimwe choo na damu, akampitisha kwenye mashine ya kuangalia tumbo. Akachukua na damu nyingine ya kupeleka Mwanza kupima homoni. Majibu yalipotimia akaniita na mimi nikae karibu na kitanda, akasema ni kichocho.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka mbele ya mgonjwa. Mimi ni wa Kahama, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga. Kichocho nakijua. Ni kukojoa damu. Kaka zangu wote walikojoa damu wakichunga ng'ombe karibu na lambo, na wazee walikuwa wanacheka wakisema kijana sasa amekuwa mwanaume. Nikamwambia daktari, "Huyu hakojoi damu. Huyu ana matiti. Minyoo gani inaotesha mwanaume matiti?"

Hakukasirika. Akavuta kiti. Akasema kichocho kiko cha aina mbili, cha kibofu, kile cha kwetu, na cha tumbo, ambacho kule ziwani kimejaa. Minyoo inaingia kwa ngozi ukiwa majini, inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo, inataga mayai miaka na miaka. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama huko, na kila yai linaacha kovu. Ini la mume wangu lilikuwa makovu matupu. Damu ikakosa njia, ikarudi nyuma, ikaivimbisha bandama, ikapasua mishipa ya kooni. Ndiyo ile damu niliyoiona.

"Na kifua?" nikauliza.

"Kila mwanaume ana homoni ya kike kidogo mwilini," akasema. "Ini ndilo linaloiondoa. Ini likishindwa, homoni ya kike inajikusanya, na ile ya kiume inashuka. Ndevu zinapungua. Kifua kinaota. Hamu ya mke inakwisha. Na mbegu zinakuwa dhaifu, au hakuna."

Nilimtazama yule binti usoni. Nilikuwa natafuta uongo. Nikamuuliza, "Daktari, amekuhonga?"

"Nani?"

"Huyu. Ili uniambie ni minyoo."

Mume wangu akafumba macho kwa aibu. Daktari akasimama akasema, "Twende." Akanipeleka maabara, akanikalisha kwenye darubini. Nilichelewa kuona, niliona ukungu tu na kope zangu mwenyewe. Halafu likatokea. Yai, refu kidogo, rangi ya chai, lina mwiba ubavuni. Nikaliangalia sana. Miaka yote hiyo mimi nalilia mtoto mmoja tu, kumbe ndani ya mume wangu kuna kitu kinataga kila siku bila kupumzika. Nilitamani nikisage kwa kidole.

Mimi pia walinipima, niliona ni dharau lakini nikakubali. Nilikuwa mzima. Zile dawa za minyoo tulizomezeshwa shuleni huenda ndizo zilizoniokoa, daktari alisema, na akasema upande wangu haoni kinachozuia mimba.

Nilirudi wodini nikamkuta ameamka, anatazama dari.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

"Si mimi nini?"

Akageuzia uso ukutani. Nikamwambia aseme, la sivyo naondoka namwacha na drip yake. Akasema. Kwamba ndevu zilipoanza kupotea na kifua kuuma, alimweleza mshirika wake wa duara, na mshirika akamwambia hiyo ni limbwata. Kwa asiyejua, limbwata ni dawa ambayo mke anamwekea mume kwenye chakula ili awe mpole, asifurukute, asiende nje. Ukizidisha kipimo, alimwambia, mwanaume anageuka mwanamke kabisa. Na wewe umepata dhahabu sasa, lazima mkeo anataka kukushika. Basi akaacha kula kwangu. Akawa anakwenda kwa yule mjane, anakaa mgongo ukutani, analinda sufuria.

"Limbwata!" Nilisimama. "Nikuwekee limbwata wewe? Kwa uzuri upi?"

"Na mimi niuze watoto?" akasema. "Nilipeleka mbuzi tu. Mbuzi mmoja, tena tulichanga."

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa. Nikaanza kucheka, naye akacheka ameshika tumbo, anaomba nisimchekeshe litapasuka, mpaka muuguzi akaja kutukaripia kwamba hapa si baani. Tulikuwa tumeishi chini ya bati moja tukilindana kama wezi wawili wenye mzigo mmoja. Halafu kicheko kikaisha, nikakumbuka kile daktari alichosema mwishoni, na hapo ndipo nilipolia.

Alichosema ni hiki. Dawa zitaua minyoo, hiyo ni uhakika. Makovu hayafutiki. Homoni huenda ikapanda kidogo, huenda isipande. Mtoto, hawezi kutuahidi. "Msikate tamaa," alisema, "ila msijidanganye."

Mume wangu aliacha kushuka duarani, maana alikatazwa kazi nzito. Akauza sehemu yake, tukafungua mashine ya kukoboa hapo hapo kijijini. Chakula changu alikula, alikula sana. Tulirudi hospitali kila tulipoitwa. Ndevu zilirudi chache, za kubahatisha. Kifua kilipungua upande mmoja. Kipimo cha Mwanza kilisema homoni ya kiume imepanda, lakini haijafika inapotakiwa. Na mimi kila mwezi niliendelea kujifungia chumbani na kutoka nimenawa uso.

Ndipo mama yake akapiga simu kutoka ziwani. Njooni wote wawili, tuna mazungumzo.

Mazungumzo! Nilijua mazungumzo gani. Mwanamke asiye na mtoto akiitwa ukweni kwa mazungumzo haendi kupewa kuku. Kwetu Wasukuma, na sidhani ni sisi peke yetu, mwanaume hawi mgumba. Hakuna hilo neno kwa mwanaume. Mgumba ni mke, na kama mume ana kasoro, basi mke ndiye aliyemtia. Njia nzima nilimtazama mume wangu. Amekaa kimya, anatazama nje, anajikunja ndani ya koti lake. Nikasema moyoni, huyu ataniacha nibebe mzigo huu peke yangu. Atakaa kimya tu, hata kudanganya haitamlazimu, na ukimya wake utatosha kunirudisha Kahama. Ningemlaumu? Nani angesimama mbele ya ukoo wake aseme mimi si kitu? Lakini nilijua pia kwamba akinyamaza, sitarudi naye. Nilikuwa nimeweka nguo zangu zote kwenye begi.

Tulifika mchana. Watoto walikuwa wanaogelea pale chini, wanapiga kelele, na wengine wao walikuwa na matumbo makubwa ambayo zamani ningesema wameshiba. Mama mkwe alitupokea vizuri, mno. Nikapiga goti, shikamoo mayu, marahaba mwanangu. Tukala ugali na sato. Walikuwepo yeye, baba mdogo wa mume wangu, na mdogo wake mume wangu, kijana mpole anayekaa pale nyumbani na mama yake. Baba yao alishafariki, tumbo lilimvimba, wakasema karogwa.

Mikono ilipokauka, mama mkwe akaanza. Aliongea taratibu, kwa heshima, na kila neno lilikuwa limepangwa. Kwamba wamekaa, wameona miaka inakwenda. Kwamba mimi si mtu mbaya, napika vizuri, nimemuuguza mtoto wao, wabeja sana, asante sana. Lakini nyumba bila mtoto si nyumba. Kwamba ni afadhali nirudishwe kwetu kwa amani, bila maneno, kama walivyomrudisha mke wa huyu mdogo wake, ambaye naye alikaa hapa bila kushika mimba, wakamrudisha kwao, na hakuna aliyegombana. Halafu mwanawe atafutiwe binti mwenye afya.

Yule mdogo mtu aliinamisha kichwa.

Mimi sikuwatazama wao. Nilitazama mdomo wa mume wangu. Ulikuwa umefungwa. Akajikuna shavu, pale zilipokuwa ndevu. Baba mdogo akakohoa. Nikaanza kusogeza mkono kwenye begi langu.

"Mama," akasema, "mgumba ni mimi."

"Nyamaza," mama yake akasema. "Usijitukane."

"Sijitukani. Nimepimwa. Nina kichocho kwenye ini, kimeniharibia homoni, kimeniharibia uzazi. Yeye amepimwa, ni mzima. Tatizo ni langu." Akanyoosha kidole ziwani. "Nimekitoa hapa. Kwenye haya maji."

Baba mdogo akacheka. "Maji haya? Sisi sote tumeoga humu, na tumezaa."

"Wengine mmezaa," mume wangu akasema. "Na wengine tumewazika na matumbo makubwa tukasema wamelogwa. Baba alikufaje?"

Baba mdogo akaacha kucheka. Mama mkwe akanigeukia mimi, macho makali, heshima yote imekwisha. "Wewe ndiye uliyemfundisha maneno haya. Ulimpa nini mwanangu?"

Nilitaka kumjibu. Mnajua sasa kwamba nina mdomo. Lakini nilikuwa nalia, nalia kwa sauti, bila aibu, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba si mimi, na huyu, ambaye nilikuwa namshuku njia nzima, amelisema kwa mama yake. Mume wangu akanishika mkono. Akarudia, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kuna dawa, ni vidonge tu, kwamba watoto wale kule majini wapelekwe wapimwe, na watu wazima pia.

Baba mdogo alikuwa anaangalia ziwa. Mama mkwe alikuwa anaangalia mikono yake. Ndipo yule mdogo mtu akainua kichwa. Tangu tufike alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu, na aliongea akimtazama mama yake.

"Yule mke wangu tuliyemrudisha," akasema, "aliolewa Ushirombo. Juzi nimeambiwa amejifungua."